Rubisi ya Faini

Mwanangu alirudishwa nyumbani saa nne asubuhi kwa kosa la kulewa. Anasoma darasa la tatu.

Nilikuwa uani napepeta maharage, mdogo wake yuko mgongoni, nikamwona anatokea kwenye migomba na kiranja nyuma yake. Kiranja ni binti wa darasa la sita, na siku hiyo alitembea kama askari anayesindikiza mahabusu. Alipofika akapiga magoti akanisalimia, maana kwao kafundwa, halafu akatoa alichotumwa.

"Mwalimu wa zamu anasema huyu amenuka pombe mstarini. Asirudi mpaka aje na mzazi."

"Amekunywa?"

"Aliambiwa apumue, mdomo haukunuka. Ila ananuka, mama. Hata mimi njia nzima nimemtanguliza nikae mbali naye."

Mwanangu alikuwa anatazama ardhi. Nikamvuta karibu. Nikamnusa mdomo, ukanuka uji aliokunywa kwangu. Nikamnusa shati, likanuka sabuni. Nikazidi kuinama, kaptula, magoti, mpaka nikafika miguuni, na huko nikaikuta. Rubisi. Ukizaliwa mkoa huu harufu hiyo haikupotei: ndizi zilizoiva zikapitiliza, zikakamuliwa, zikaanza kuchachuka.

Halafu nikaitazama ile miguu vizuri. Mwenye mtoto wa kiume anajua miguu ya mtoto wa kiume inavyokuwa saa nne asubuhi kwenye udongo wetu mwekundu. Ya mwanangu ilikuwa myeupe, laini, imekunjamana vidoleni kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Na mimi wiki zote hizo namsifu kwa majirani kwamba siku hizi huyu ananawa bila kuambiwa.

"Nani anakuingiza mtumbwini kukanyaga ndizi?"

"Babu."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipofunga shule." Akasema kwa sauti ya chini, "Usimwambie nimesema. Ataninyima mbuzi wangu."

Nikaweka ungo chini.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemeza mengi katika kibanja kile, shamba la migomba la ukweni kwangu. Nilipojifungua binti, baba mkwe alichungulia mlangoni akasema, "Basi, mgeni wa watu," maana msichana ataolewa aende zake. Nikameza. Cheti changu cha kidato cha nne alikiita karatasi ya kufungia karanga. Nikameza hata hiyo, kwa sababu matokeo yenyewe hayakuwa ya kujitetea nayo. Mume wangu yuko Geita kwenye kazi za ujenzi, na mwanamke ambaye mume hayupo huku kwetu anajifunza kumeza haraka. Lakini mtoto kusimamishwa mbele ya shule nzima na kuambiwa apumue, hilo lilifika kooni likagoma.

Nikamshukuru kiranja, nikamshika mwanangu mkono, tukaenda kwa babu yake.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu wako watakaosoma hawajui rubisi inavyotengenezwa. Ndizi za pombe zikiiva zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi, yaani gogo kubwa lililochongwa katikati kama ule wa ziwani, zinachanganywa na nyasi, na mtu anaingia na miguu yake kuzikanyaga mpaka maji yatoke. Maji hayo yanatiwa unga wa mtama uliokaangwa, yanafunikwa kwa majani ya mgomba, yanaachwa yachachuke. Siichukii rubisi. Siku ya kuagwa kwetu Kyerwa nilikunywa, na ilikuwa nzuri. Ila zamani waliokuwa wanaingia mtumbwini ni wanaume wenye mapaja, tena kwa sababu maalumu: harusi, matanga, mgeni mkubwa. Watoto tulisubiri pembeni kuonja kile kitamu cha mwanzo kabla hakijawa pombe.

Baba mkwe alikuwa anapika kila siku. Alikuwa amepata mnunuzi anayechukua madumu kwa pikipiki kwenda kuchemshia gongo huko anakojua mwenyewe. Wanaume wenye mapaja wako kwenye bodaboda au wako Geita. Ndiyo maana mwanangu alikuwa anaondoka kwangu alfajiri "kumfungulia babu mbuzi."

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na mtumbwi, kibuyu miguuni, mrija mkononi. Nyasi za asubuhi zilikuwa bado zimeloa, zimerundikwa pembeni.

"Shikamoo, Tata," nikasema. Tata ndiyo baba, huku kwetu.

Hakuitikia. Alivuta mrija taratibu, akamaliza, akanitazama kuanzia juu hadi chini. Nilikuwa nimesimama. Mwanamke huku anapiga magoti kumsalimu mkubwa, na mkwe ndiyo usiseme, anapiga magoti hata njiani kwenye matope. Sikupanga kusimama. Magoti tu hayakukunjika.

"Umeumia magoti?" akauliza.

"Sijaumia. Aliyeumia miguu ni huyu."

"Mjukuu kumsaidia babu yake siku hizi ni kesi?"

"Uliniambia anafungua mbuzi."

"Mbuzi nao wanafunguliwa. Kazi haina mlango mmoja." Akanyanyua mguu wake akanionyesha kisigino kilichopasuka kama ardhi ya kiangazi. "Huu nikiutia humo, watu watakunywa udongo. Mguu wa mtoto hauna nyufa. Pombe inatoka safi."

"Basi vaa gambuti."

Nyuma ya nyumba nilisikia mama mkwe akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mzee hakucheka.

"Sikiliza, binti wa watu. Huyu mtoto ni wa ukoo huu. Ukoo uliukuta. Wewe ulikuja na begi, na begi lako lipo. Ukichoka, libebe. Mtoto atabaki, na atakanyaga."

Aliyasema haya bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma tangazo. Ndipo nikajua kinachogombewa siyo miguu tu. Ni mtoto mzima. Nikimtoa mtumbwini kwa nguvu, mzee atasema nimeukataa ukoo, na nikiukataa ukoo nitaondoka mikono mitupu. Nimeona hilo likifanyika kwa wengine. Nilimshika mwanangu nikarudi naye nyumbani, na njia nzima nilikuwa nasema moja tu moyoni: huyu hatakanyaga, na huyu habaki.

Kesho yake nikampeleka Nyakahanga, hospitali. Nyasi zinakata. Katikati ya vidole alikuwa na mikato, na ile mikato ilikuwa inalowekwa kila alfajiri mpaka imegeuka vidonda vyeupe ambavyo yeye alizoea kuvikuna kwa kijiti. Nesi alivitazama, akamgeuza nyayo, akaniuliza, "Mama, mnalima mpunga?"

"Karagwe hii tulime mpunga wapi, dada?"

"Nakuuliza wewe. Miguu hii nimeiona kwa wakulima wa mpunga."

Mwanangu akajibu kabla yangu. "Tunakanyaga ndizi." Tunakanyaga. Si nakanyaga. Nilimuuliza akina nani, akanitajia watoto wa majirani kama anayesoma mahudhurio. Nesi akaacha kuandika, kisha akaandika kwa herufi kubwa zaidi.

Shuleni mwalimu wa zamu alinisikiliza amekaa nusu matako mezani. Ni kijana, pengine ananizidi mwaka mmoja. Alipoelewa akashika kichwa. "Mimi nilidhani wanakunywa mabaki ya pombe. Wavulana wa la tatu na la nne wanasinzia kipindi cha kwanza chote. Nilikuwa nawachapa."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitaacha kuwachapa."

Nikamwambia ni mwanzo. Akaniambia niende kwa mtendaji wa kijiji. Mwanangu akarudi darasani, lakini jina alishapata: Mzee Rubisi. Kila akipita, mmoja anamwambia mwenzake apumue.

Mtendaji wa kijiji alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nilieleza kila kitu. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila nilipotua. Nilipomaliza akasema, "Mama, babu na mjukuu tukiwaleta ofisini, tutakuwa serikali ya namna gani? Hilo ni la ukoo. Malizaneni nyumbani." Nikasimama. Nilipofika mlangoni akaongeza, kwa upole kabisa, "Lakini nimesikia hukupiga magoti."

Hapo ndipo nilipotambua kijiji kilikuwa kinazungumzia nini. Kisimani, dukani, kanisani baada ya ibada, habari ilikuwa magoti yangu. Wanawake walioninong'ona walikuwa wananitazama sketi, kana kwamba wataona kilichovunjika. Jirani yangu wa upande wa chini, mama mwenye wavulana wawili, aliniita kwenye mpaka wa vibanja vyetu.

"Mwenzangu, si ungepiga tu, ukaongea ukiwa chini? Maneno yangepungua nini?"

"Wako naye anakanyaga."

"Wangu anafungua mbuzi."

"Mnuse miguu."

Akaniangalia kama niliyemtukania mama. "Wewe Form Four imekuharibu," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Jioni nilimpigia mume wangu. Kulikuwa na kelele za mashine ya zege, akasogea mbali.

"Hata mimi nilikanyaga," akasema.

"Ulikanyaga lini?"

"Siku ya harusi ya shangazi."

"Mara moja. Ukala nyama, ukacheza ngoma, ukalala. Mwanao anakanyaga kila siku ya Mungu, kisha anakwenda kuchapwa kwa kusinzia. Hiyo ni mila au ni kibarua?"

Nikasikia zege ikizunguka. "Baba ni baba," akasema hatimaye. "Ameitisha kikao cha ukoo. Nenda, wasikilize. Usibishane nao."

Nilikwenda. Kikao kilikaa Jumamosi chini ya banda la kukaushia kahawa, nyumbani kwa baba mkwe. Wazee walikaa kwenye viti na vigoda. Mimi niliwekewa mkeka mbele, kama mtuhumiwa. Siku hiyo nilipiga magoti kwa kila mmoja wao, zamu kwa zamu, ili asiwepo wa kuniambia kwamba sikusikilizwa kwa sababu ya magoti.

Lakini kabla kikao hakijaanza kilitokea kitu. Kikao cha ukoo hakikai na njaa, kwa hiyo baba mkwe alichinja. Alichinja mbuzi mdogo wa rangi ya kahawia mwenye sikio moja jeupe. Watoto walikuwa wamejazana kwenye uzio wa mianzi kutazama, kama kawaida ya watoto panapochinjwa. Kisu kilipopita, mwanangu akaanza kulia. Nikageuka kumwambia aende nyumbani. Kabla sijafungua mdomo, mtoto wa pembeni yake naye akalia. Kisha mwingine. Mwishowe uzio mzima ulikuwa unalia, wavulana waliozoea kupigania kibofu cha mbuzi wakichezee mpira.

Jirani yangu wa upande wa chini alikuwa amekuja kusaidia kupika. Aliacha masufuria akamwendea mwanawe mkubwa.

"Unalilia nini, dume zima?"

"Mbuzi wangu."

"Mbuzi wako yupi?"

"Yule. Babu alisema nikikanyaga mpaka kahawa ivunwe, ni wangu."

"Muongo," mwanangu akasema huku kamasi zinatoka, "ni wangu mimi. Nilimpa hata jina."

"Hata mimi nilimpa jina," akasema wa tatu.

Wavulana wote wa mtumbwi waliahidiwa mbuzi mmoja, huyo mwenye sikio jeupe, na kila mmoja aliapishwa asimwambie mwenzake. Kila mmoja alikuwa anamletea majani kwa siri. Ndiyo maana alinenepa vile. Na sasa wazee walikuwa wanasubiri maini yake.

Jirani aliwatazama wote watatu. Kisha alichuchumaa, akashika mguu wa mwanawe, akaupandisha puani. Alirudi jikoni, akachukua kanga yake, akaondoka, akaacha ndizi zinachemka bila mpishi.

Kikao kikaendelea. Mzee mkubwa wa ukoo, kaka wa baba mkwe, alifungua kwa sala, halafu akaeleza kosa. Kosa lilikuwa moja: mkwe kumsalimu Tata akiwa amesimama, na kumwambia avae gambuti. Gambuti lilimuuma kuliko nilivyodhani. Nikaomba kusema.

"Waitu," nikasema, ndivyo tunavyowaita wakubwa kwa heshima, "magoti nimekosa. Leo nimepiga, mmeona. Sasa naomba tuzungumze miguu ya mtoto."

"Hilo halipo kwenye kikao," mzee mkubwa akasema.

"Ndilo lililonileta."

"Wewe hukuja. Umeitwa."

Wakacheka. Mmoja wa mashemeji zangu akasema, "Mwacheni, anataka kutufundisha Uraia," wakacheka tena. Ni kweli nilisoma Uraia. Nakumbuka mwalimu akituandikia ubaoni kwamba mtoto hafai kufanyishwa kazi inayomdhuru au inayomtoa shule, na mimi nikinakili huku nikidhani ni habari za nchi nyingine.

Wakanong'onezana. Hukumu ikatoka. Nimwombe Tata radhi, na nitoe faini: madumu mawili ya rubisi, yanywewe na ukoo Jumamosi inayofuata, mambo yaishe.

Ndivyo ilivyo huku. Ukimkosea mkubwa unapatanishwa kwa rubisi. Babu zetu walifanya hivyo, na si vibaya. Watu waliogombana wanakunywa kibuyu kimoja, hasira inapoa. Wazee walikuwa wamenihurumia kabisa kwa mahesabu yao. Wangeweza kudai mbuzi. Niliwatazama usoni mmoja mmoja, nikaona hakuna hata mmoja aliyekuwa amesikia alichokisema.

"Nimeelewa," nikasema. "Naomba kuuliza. Hiyo rubisi ya faini, nani ataikanyaga?"

Inzi walikuwa kwenye ngozi ya mbuzi. Baba mkwe akagonga mrija kwenye kigoda.

"Ataikanyaga mwenye miguu," akasema.

Safari hii hawakucheka. Mzee mkubwa alitazama uzio. Watoto walikuwa bado wapo pale, macho mekundu. Nadhani kwa kitambo kidogo alielewa. Lakini mzee wa ukoo akishatoa hukumu hairudishi kinywani, kwa hiyo akakohoa akasema, "Utajua mwenyewe utakavyoipata. Kikao kimefungwa. Leteni chakula."

Sikula. Nilipiga magoti kuaga, nikamchukua mwanangu uzioni, nikaondoka. Nyuma yangu baba mkwe alisema kwa sauti ili nisikie, "Jumatatu alfajiri mlete mwenyewe. La sivyo nitamfuata, na akija huku harudi kwako."

Jumapili yote nilikuwa nikifikiri. Kwetu Kyerwa ningeweza kukimbilia, mama yangu yupo. Lakini nikikimbia na mtoto, nitakuwa mwizi wa mtoto. Nikikimbia bila mtoto, nitakuwa mjinga. Na wale wengine wa uzioni wangebaki mtumbwini. Nikaamua sikimbii. Nitakwenda mbele, ofisini, mchana kweupe, kwa mlango.

Jumatatu alfajiri nilimvalisha mwanangu sare na viatu vyake vya kanisani, nikafunga kamba mara mbili. Nilipotoka nje nikamkuta mama mkwe amesimama uani kwangu. Mama huyu kwa miaka yote hajawahi kunisifia hata ugali. Nikapiga magoti. Akaniinua kwa kushika bega, jambo ambalo halifanyi.

"Mzee wako kalala. Jana nilimwachia kibuyu kikubwa," akasema. "Huyo wa mgongoni nipe. Huko barabarani atapigwa na vumbi."

"Mama, unajua ninakokwenda?"

"Sijui. Sikukutuma popote. Nipe mtoto."

Nikampa. Akamfunga mgongoni kwa kanga yake, akaanza kutembea kuelekea kwenye migomba, na bila kugeuka akasema, "Kuna mwanangu mmoja mimi alimaliza la tatu hapo hapo mtumbwini. La nne hakulifika. Ndiye huyo wako, aliyeko Geita anachanganya zege. Alikudanganya ni siku ya harusi?"

Kisha nikamshika mwanangu mkono, tukapita shuleni, nikamkabidhi kwa mwalimu wa zamu mkononi, nikamwambia asimtoe kwa mtu yeyote ila mimi. Mwalimu akasema, "Nitamkalisha mbele." Njiani kwenda barabarani nikamkuta jirani yangu wa upande wa chini, kanga kichwani, amenitangulia.

"Unaandika wewe," akasema. "Mimi mwandiko wangu wa kuku. Nitaweka dole gumba, nitasema nilichonusa."

Tulipanda bodaboda moja, sisi wawili nyuma ya dereva, mpaka ofisi ya kata. Afisa mtendaji wa kata hakuwa mtu mbaya. Alitusikiliza wote wawili, akaita afisa maendeleo ya jamii, naye akatusikiliza upya. Halafu mtendaji akasema yale niliyokuwa nayasubiri: kwamba angepiga simu kijijini, wazee waongee, isifike mbali.

"Wazee wameshaongea," nikasema. "Wamenitoza rubisi. Naomba niandike, upokee, ugonge mhuri, na nakala nibaki nayo."

"Mama, ukiandika, haifutiki. Nitalazimika kuita polisi wa dawati la watoto. Huyo ni baba wa mume wako."

"Najua ni nani."

Akanipa karatasi. Akaniambia nianze na "husika na kichwa cha habari hapo juu." Nikaanza ninavyojua. Majina yote niliyaandika huko, hapa nayaacha. Hivi ndivyo ilivyosomeka, na mhuri upo chini yake:

*Nalalamika dhidi ya baba mkwe wangu kwa kuwatumikisha watoto wa shule kukanyaga ndizi za pombe kila alfajiri kabla ya masomo. Mmoja wao ni mwanangu wa darasa la tatu. Ana vidonda miguuni, kadi ya hospitali naiambatisha. Shuleni alisimamishwa mstarini kwa kunuka pombe ambayo hakunywa. Watoto waliahidiwa mbuzi mmoja, wote huyo huyo, naye ameliwa na kikao cha ukoo.*

*Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, akanirudisha kwa ukoo. Ukoo umenitoza faini ya madumu mawili ya rubisi. Sitailipa. Haiwezi kulipwa bila mtoto kuingia mtumbwini.*

*Silalamikii mila, wala sikatai heshima. Kupiga magoti nitapiga. Naomba watoto wote niliowataja watolewe kwenye kazi hiyo na aliyewaingiza aitwe ajibu. Naomba iandikwe kwamba mwanangu ninaishi naye mimi, na asichukuliwe kwangu kwa sababu ya malalamiko haya. Mkitaka kuthibitisha, njooni alfajiri, msije mchana. Mchana mtakuta miguu misafi.*